Chai ya Mazoea, Kahawa ya Ugenini: Safari ya Amu

Katika nyumba nyingi za pwani hukaa watu wa namna mbili chini ya paa moja. Wa kwanza ni yule ambaye chai yake haibadiliki. Kikombe ni kile kile, saa ni ile ile, na akiletewa chenye iliki zaidi au maziwa pungufu hujua kabla hajakifikisha mdomoni. Wa pili ni yule asiyetulia na kinywaji kimoja. Jumatatu atataka chai ya tangawizi, Jumanne turungi yenye ndimu, Ijumaa ataulizia kahawa, na akisikia jirani anachemsha mchaichai atakwenda kuomba majani. Wote wawili wanakula riziki ya Mola mmoja, lakini wakikutana jikoni asubuhi hapakosi maneno.

Sisi tumejaaliwa kuwa nao wote. Mama yetu ni wa namna ya kwanza. Tangu tulipopata akili tumemuona akinywa chai ya maziwa yenye iliki na vijiko vitatu vya sukari, mara tatu kwa siku: baada ya sala ya Alfajiri, saa nne asubuhi, na baada ya Alasiri. Mdogo wetu wa mwisho ni wa namna ya pili, na kwa miaka mingi wamechekeana kwa jambo hilo bila ya kugombana.

Kicheko kilikatika mwaka huu. Mama alipimwa, akaambiwa ana kisukari, na daktari akamtaka aanze na kile kilicho rahisi kuhesabu, yaani sukari ya kwenye chai. Tuliketi tukahesabu. Vijiko vitatu mara tatu ni vijiko tisa, na kijiko cha chai kilichosawazishwa huchukua karibu gramu 4. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, linamshauri mtu mzima asivuke asilimia 10 ya nguvu za chakula chake kwa sukari ya kuongezwa, na kwamba ni bora zaidi asivuke asilimia 5, ambayo ni takriban gramu 25, sawa na vijiko sita. Kipimo hicho kimewekwa kwa watu wote, wazima wakiwamo. Mama alikuwa amekivuka kwa chai peke yake, kabla hatujagusa mahamri.

Ilikuwa imebaki wiki moja tu twende Lamu kumzuru mama mkubwa, dada yake Mama, ambaye hawakuonana kwa miaka sita. Mama akasema hataki tena kwenda. Tulidhani ni ugonjwa, kumbe ni haya. "Nitaingiaje nyumba za watu," alisema, "nikawaambia sinywi chai yao?" Kwa mtu wa pwani, kukataa kikombe cha mwenyeji ni neno zito. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni anayerudisha kikombe huonekana kama amerudisha na salamu. Tulimbembeleza siku tatu. Akakubali kwa sharti moja, kwamba achukue kikombe chake mwenyewe ndani ya mkoba.

Jioni ya kabla ya safari tulikwenda Mji wa Kale kumuaga ami yetu. Asiyeijua Mombasa ya baada ya Alasiri ameikosa Mombasa. Jua linapopungua makali, wazee hutoka misikitini wakaketi kwenye baraza za mawe, na muuza kahawa hupita na dele lake la shaba lenye mdomo uliopinda kama wa ndege, makaa yakiwaka chini yake. Haitaji kupaza sauti. Huvigonganisha vikombe viwili mkononi, na mlio ule hufika ndani ya vyumba kuliko adhabu ya kupiga hodi. Mji wenyewe umeikubali alama hiyo kiasi cha kujengewa sanamu kubwa ya dele.

Kahawa hiyo tunaiita tungu, yaani chungu. Buni hukaangwa hadi iwe nyeusi, hutwangwa, kisha huchemshwa kwa muda mrefu pamoja na tangawizi kavu, na wengine hutia iliki. Hunywewa kwa finjani ndogo isiyo na mkono, kiasi cha mafunda manne au matano. Pembeni huwekwa kashata, halwa au tende. Ami alitukaribisha ndani, akaagiza finjani zikaletwa, na Mama, ambaye siku zote alisema kahawa ni ya wanaume wa barazani, aliipokea moja, akaionja, akakunja uso, akairudisha chini kwa adabu. Ami alicheka akasema, "Shemeji, hii haizoeleki kwa siku moja." Mama hakujibu, ila tulimuona akiitazama ile sahani ya kashata.

Tulirudi nyumbani tukizungumza habari za kinywaji hiki, kwa kuwa historia yake ni sehemu ya historia yetu. Mkahawa asili yake ni Uhabeshi. Buni ilivuka Bahari ya Shamu hadi Yemen, na katika karne ya 15 masufi wa huko walikuwa wakiinywa ili waweze kukesha katika dhikri. Bandari ya Mokha ikatajirika kwa biashara yake. Haikupokewa kote bila mashaka. Mwaka 1511 gavana wa Makka, Khair Beg, aliipiga marufuku, na wakubwa wake wa Cairo wakaja kuilegeza amri hiyo. Majahazi yaliyokuwa yakisafiri kwa pepo za kaskazi na kusi yaliunganisha pwani yetu na Arabuni karne nyingi kabla mkahawa haujapandwa kwenye vilima vya Kenya. Ndiyo maana Mswahili ana kahawa, buni, finjani na dele katika lugha yake tangu zamani.

Chai ya maziwa tunayoiona kuwa ni ya asili yetu ni mgeni wa karibu zaidi. Katika nchi hii mchai ulipandwa mara ya kwanza Limuru mwaka 1903, na mashamba makubwa ya Kericho yakafunguliwa katika miaka ya 1920. Upishi wa kuchemsha majani, maziwa, sukari na viungo katika sufuria moja ulitufikia kutoka Bara Hindi. Chai nyingi ya Kenya hukatwa punje ndogo ndogo, hutoa rangi upesi na hustahimili maziwa, nayo ikatufaa. Leo chai ya nchi kadhaa za Afrika Mashariki hupigwa mnada papa hapa Mombasa. Basi hata mazoea ya Mama, ambayo tuliyaona kama mila isiyoguswa, yalikuwa wakati mmoja ni jambo jipya lililoletwa na mtu aliyependa kujaribu.

Tulisali Alfajiri tukapanda basi. Daraja la Nyali, Mtwapa, Kilifi; kulipopambazuka vizuri minazi ilikuwa imepungua na mikonge imeanza. Malindi basi lilisimama, nasi tukashuka kutafuta kifungua kinywa. Mkahawa ulikuwa safi, mahamri ya moto, mbaazi zimekolea nazi. Tukaagiza chai isiyo na sukari. Kijana wa watu alituhurumia, akatuambia chai yote imekwisha kupikwa na sukari ndani ya sufuria. Tukaulizia turungi. Nayo pia. Mama akanywa maji.

Ilikuwa vivyo hivyo Garsen, baada ya kuvuka Sabaki na kuingia nchi ya mto Tana. Huko ni kwa wafugaji, na chai yao ni maziwa hasa, mazito, yenye sukari ya kukirimu. Mdogo wetu alifurahi. Alikunywa vikombe viwili akatueleza kwamba jamaa wa lugha ya Kioromo, kama Waborana wa kaskazini, wana desturi ya kukaanga buni nzima kwa samli na kuzila kwa heshima, na kwamba siku moja atakwenda kuzionja. Mama alikuwa ameegemea dirisha la basi, kikombe chake kitupu kimo mkobani. Hapo ndipo tulipofahamu jambo ambalo mizani ya hospitali haikutufundisha. Mgonjwa wa kisukari katika pwani yetu huacha sukari, na pamoja nayo huachishwa meza. Sukari yetu imeyeyushwa ndani ya sufuria ya wote, na asiyeiweza hana pa kujitenga nayo isipokuwa kujitenga na watu.

Kutoka Garsen tulipita Witu, na Mokowe tukaiacha barabara tukapanda mashua ya injini. Lamu huonekana kwanza kama mstari mweupe juu ya maji, kisha ngome, kisha watu na punda wanaopakuliwa mizigo kwenye gati. Mji huu wa kale uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, lakini wenyewe hawauoni kama makumbusho. Ni mji wa kuishi. Vichochoro vyake ni vyembamba kiasi kwamba punda akipita na mawe ya kujengea, wewe hujibana ukutani ukatoa salamu.

Nyumba ya mama mkubwa ni ya mawe, ya zamani. Mlangoni kuna daka lenye viti vya kujengewa, ndani kuna kiwanda kilicho wazi juu, na katika chumba cha ndani ukuta mzima una zidaka, vile vishubaka vya chokaa ambamo mabibi walipanga vyombo vyao vya kuonewa fahari. Dada wawili walikumbatiana wakalia, nasi tukalia nao. Haukupita muda sinia likaingia: mkate wa sinia, sambusa, na birika la chai iliyoiva maziwa na iliki, harufu yake ikajaa chumbani. Mama mkubwa alikuwa ameipika kwa mkono wake, kama ile waliyokunywa usichanani mwao. Sukari ilikuwamo.

Mama alinyamaza. Aliinamisha macho, akatoa kikombe chake mkobani akakishika mikononi, asijue akikabidhi au akirudishe. Mkubwa wetu akaona hapana budi aseme, akasema kwa sauti ya chini, "Mama mkubwa, Mama amekatazwa sukari."

Tulitarajia aulize, ashangae au aseme kijiko kimoja hakidhuru, kama wasemavyo wengi kwa wema wao. Mama mkubwa hakusema neno. Aliinuka, akaenda kwenye kidaka, akateremsha finjani nne ndogo zenye maua ya buluu, akaziosha, akaagiza mdila wa kahawa uletwe. Akammiminia mdogo wake finjani ya kahawa tungu, akamwekea sahani ya tende, akaketi karibu naye.

"Mdogo wangu," alisema, "wazee wetu hawakutia utamu ndani ya kahawa. Waliuweka sahanini, kila mtu achukue kadiri yake. Anayetaka tano ale tano. Wewe kula moja. Na nani atajua?"

Maneno hayo yalikuwa machache, lakini yalitufungua. Tumeinywa kahawa hii maisha yetu yote bila ya kuizingatia hekima yake. Uchungu ni wa wote. Utamu ni wa kila mtu na hali yake. Mzee, mtoto, mgonjwa na mzima huketi sinia moja wakanywa kinywaji kimoja, na hapana anayetengwa. Mama alikula tende yake moja, kwani tende nayo ina sukari, akanywa kahawa yake funda baada ya funda, na safari hii hakukunja uso.

Lau habari ingeishia hapo, ingekuwa nyepesi mno. Usiku ule Mama hakulala. Kahawa tungu si ya kuchezewa na asiyeizoea, hasa ikinywewa baada ya Isha. Alikesha akivuta uradi, na asubuhi alikuwa na kichwa kizito. Siku ya pili alikunywa finjani moja tu mchana. Siku ya tatu alikaa kiwandani baada ya Alfajiri, mikono mitupu, akasema kwa uchungu kwamba saa yake imepita. Hakutaja sukari. Alitaja saa. Mazoea yana taabu, na taabu ya Mama ilikuwa zaidi ya ulimi. Kikombe cha baada ya Alfajiri ndicho alichokunywa na marehemu baba yetu, wawili peke yao, kabla nyumba haijaamka.

Hapo mdogo wetu, ambaye siku zote tulimwita mtu wa kurukaruka, alipata kazi inayomfaa. Aliomba ruhusa ya jiko la mama mkubwa. Siku ya kwanza alipika chai ya maziwa isiyo na sukari yenye tangawizi. Mama akasema inamkwaruza. Siku ya pili akatia mdalasini peke yake; Mama akasema ni dawa ya mafua. Akajaribu karafuu, ikakataliwa kwa harufu tu. Siku ya nne alichemsha majani machache ya chai na mchaichai uliopandwa kando ya kisima, akapunguza maziwa, akaponda iliki nyingi na kijiti kidogo cha mdalasini, akakimimina katika kile kikombe cha Mama, akakifikisha saa ile ile baada ya Alfajiri. Mama alionja. Akaonja tena. Akasema, "Si kama ile." Kisha akakimaliza.

Kesho yake aliletewa ile ile, na kesho kutwa, na ndiyo anayoinywa hadi leo. Tukatambua kwamba kumbe watu hawa wawili wanahitajiana. Anayependa kubadilisha ndiye aliyeitafuta njia. Anayependa mazoea ndiye anayeweza kuishika. Mdogo wetu angeweza kuivumbua chai ile akaiacha baada ya siku mbili. Mama asingeivumbua daima, ila akiisha kuipokea haiachi. Tunajua sote mafundisho ya Mtume, rehema na amani zimshukie, kwamba amali ipendezayo zaidi kwa Mwenyezi Mungu ni ile idumuyo, hata ikiwa ni ndogo. Kuuhifadhi mwili tuliopewa amana nako ni amali, na kijiko kinachoachwa kila siku ni kidogo chenye kudumu.

Kwa siku zilizobaki tulizunguka nyumba za jamaa, kutoka Mkomani hadi Langoni. Mama mkubwa alikuwa ametangulia na maneno. Hatukujua alisema nini, lakini kila tulipoingia tulikuta sukari imewekwa kando katika bakuli lenye kifuniko, na chai katika birika haina kitu. Nyumba moja bibi mwenyeji alitia vijiko vyake viwili, akasita, akatia kimoja. Nyumba nyingine mama wa makamo alituambia kwa siri kwamba naye amekatazwa tangu mwaka jana, ila alikuwa anaona haya kusema mbele ya wakwe. Siku hiyo alikunywa bila sukari mbele yao, kwa kuwa bakuli lilikuwa mezani na hapana aliyeulizwa swali.

Ndugu wasomaji, hasa mama wenzetu, tumeona tuyaandike haya kwa sababu jambo lenyewe ni dogo na liko mikononi mwetu. Mpika chai wa nyumba ndiye anayeamua kama sukari itakuwa ndani ya sufuria au pembeni. Hapunguzi ukarimu kwa kuiweka pembeni; huuzidisha, kwani humpa mgeni nafasi ya kujistiri. Walio na mazoea ya vijiko vitatu wasiyavunje kwa siku moja. Waanze na viwili na nusu, wakae hapo, kisha washuke. Ulimi hujifunza polepole. Wala kikombe kisichukue mahali pa dawa au kliniki. Mama anaendelea na vyote viwili.

Kuna mengine mawili ya kukumbuka. Chai kali inayonywewa pamoja na chakula huuzuia mwili kupata madini ya chuma yaliyomo kwenye mboga na nafaka, kwa hivyo wasichana wanaokua na wajawazito ni vyema wainywe saa moja au mbili mbali na mlo, na wajawazito wapunguze kahawa. Na kwa wapenzi wa kahawa, Ramadhani isije ikawakuta wakinywa finjani nane kwa siku. Anayeiacha ghafla huumwa kichwa siku za mwanzo za funga, na swaumu yake humpita akiwa amelala. Apunguze moja moja tangu Shaabani.

Anayeshika mazoea tusimkebehi, na anayependa mapya tusimzuie. Tumpe mmoja jiko na mwingine kikombe. Na kabla mgeni hajaketi, liwepo mezani bakuli la sukari lililofunikwa, ili kila mtu achukue kadiri ya hali yake, na asiyechukua asiulizwe.